KESI YA JINAI HUANZISHWAJE, NA SAA ZINAZOHESABIWA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Mbumbuni)



Nimeombwa niseme juu ya kesi za jinai: huanzishwa vipi, nani anaweza kuzianzisha, na sheria imeweka muda gani kwa kila hatua. Sikuja kuwafanya mawakili. Wakili ana kazi yake, na mwenye kesi nzito na amtafute mapema. Lakini jambo hili latupata sisi wafanya kazi kila mara. Mlinzi wa duka, mpakiaji wa mchanga, mpishi wa shule, kondakta, mtumishi wa hoteli: kitu kikipotea, wa kwanza kutazamwa ni yeye. Mtu anakamatwa Ijumaa, akitoka anakuta kazi imekwenda. Miaka minne baadaye ndipo anapokuja kwa Chama na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akiuliza tumsaidie vipi. Jibu huwa chungu. Hakukosa haki, alikosa kuangalia saa.

Basi tuanze mwanzo. Watu husema "Fulani ana kesi" mara tu wanapomwona na pingu mikononi. Hapana. Kukamatwa hakujawa kesi. Jina lako kuandikwa katika kitabu cha matukio kituoni hakujawa kesi. Kuitwa na chifu, au kupewa barua na meneja inayosema umeiba, hakujawa kesi. Kesi huanza pale jambo linapofikishwa mbele ya hakimu.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambayo ni Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, yaeleza hayo katika kifungu cha 89. Katika korti ya hakimu kesi huanzishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mtu aliyekamatwa bila waranti aletwe mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo tunayoiona kila siku: polisi wamekukamata, wamekuandikia karatasi ya mashitaka, wanakuleta. Njia ya pili, mtu apeleke malalamiko kwa hakimu mwenyewe. Sheria yasema kwamba mtu ye yote mwenye sababu ya kweli ya kuamini kuwa mwingine ametenda kosa anaweza kulalamika kwa hakimu, kwa mdomo au kwa maandishi. Akilalamika kwa mdomo, maneno yake lazima yaandikwe, naye atie sahihi, na hakimu atie sahihi. Hakimu akiona kwamba malalamiko au shitaka halionyeshi kosa lo lote la kisheria, ana uwezo wa kulikataa, na lazima aandike sababu za kulikataa. Akilikubali, hutoa samansi ya kumwita mshitakiwa, au waranti ya kumkamata.

Njia hii ya pili wengi wetu hatukuijua. Nitairudia baadaye, maana si tajiri peke yake anayeweza kulalamika.

Sasa, nani anashitaki? Sikilizeni hapa vizuri. Mwenye duka anaposema, "Nimemshitaki yule kijana," asema maneno makubwa kuliko uwezo wake. Yeye ni mlalamikaji, tena ni shahidi. Mwenye kushitaki ni Jamhuri. Tangu Katiba ya mwaka 2010 kazi hiyo i mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma, kwa Kifungu cha 157. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuanzisha kesi ya jinai, kuichukua iliyoanzishwa na mtu mwingine, au kuisimamisha kabla ya hukumu kwa ruhusa ya korti. Haombi ruhusa ya mtu wala ofisi yo yote kabla ya kushitaki. Zamani kazi hii ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, na katika korti za chini aliyesimama kushitaki mara nyingi alikuwa afisa wa polisi. Yule yule aliyekukamata, au mwenziwe wa kituo kimoja, ndiye aliyekushitaki. Mambo hayo yamebadilika.

Ndiyo maana tajiri akikwambia, "Rudisha pesa, nami nitaifuta kesi," usidhani ana kifutio mfukoni. Mlalamikaji aweza kuomba aondoe malalamiko yake, lakini mwenye kukubali ni korti. Kabla ya kumpa mtu senti moja, uliza kwanza kama kuna kesi hata kidogo.

Nataka niseme kidogo juu ya siku za nyuma, maana kuna vijana hapa wanaoona kesi kuwa ndilo jambo baya kuliko yote. Mwaka 1938 Wakamba walikataa ng'ombe wao kupunguzwa kwa nguvu. Walitembea wakaenda Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko majuma mengi wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Serikali haikumpeleka mbele ya hakimu asomewe shitaka na ajibu. Ilimkamata ikamhamishia Lamu, mbali na watu wake, akakaa huko miaka. Katika harakati za vyama vya wafanya kazi, Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 na akawekwa kizuizini kaskazini ya Kenya mpaka Oktoba 1961. Ni zaidi ya miaka kumi na moja, na hakuna hakimu aliyemhukumu kifungo cha miaka hiyo. Ilikuwa amri ya Serikali tu.

Mwaona tofauti? Amri kama ile haikuwa na saa. Mtu hakujua atatoka lini, wala hakuwa na siku ya kusimama aseme, "Leteni ushahidi." Kesi ya jinai ni jambo la kuogopesha, sikatai, lakini ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na juu ya kila mlango kuna saa. Kazi yetu ni kujua kuzisoma saa hizo.

Saa ya kwanza ni ile ya MASAA 24. Katiba, Kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa lazima afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na yasipite masaa 24 tangu kukamatwa. Masaa hayo yakimalizikia nje ya saa za korti, au siku isiyo ya korti, basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Tufanye hesabu. Umekamatwa Jumatatu saa nne asubuhi: Jumanne saa nne asubuhi uwe umefika mbele ya hakimu. Umekamatwa Ijumaa saa nane mchana: masaa yako yanakwisha Jumamosi, korti imefungwa, kwa hiyo polisi wana mpaka mwisho wa Jumatatu. Ndiyo sababu mtu mwenye hila, akitaka kumtesa mfanya kazi, hupiga simu polisi Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Sheria haikuvunjwa, lakini wewe umelala ndani siku tatu.

Dawa yake ipo, nayo ni dhamana ya polisi. Mkubwa wa kituo ana uwezo wa kukuachilia kwa bondi, uje kortini siku utakayoambiwa. Karatasi ya bondi hailipiwi ada. Ukiweka pesa taslimu, hizo ni amana. Dai risiti ya Serikali, maana pesa hizo zarudishwa ukitimiza masharti. Asiyetoa risiti hakuchukua dhamana; amechukua kitu kingine, na jina lake mnalijua.

Kuna haki nyingine katika Kifungu hicho hicho. Kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Kunyamaza. Kuzungumza na wakili, na mtu mwingine ambaye msaada wake wahitajika. Kutolazimishwa kukiri. Siku ya kwanza kortini lazima ushitakiwe, au uelezwe sababu ya kuendelea kuwekwa, au uachiliwe. Kama polisi bado wanachunguza, ni lazima wakulete kwanza, kisha waombe kwa maandishi waongezewe muda, nawe una haki ya kupinga. Hakuna askari anayeweza kujiongezea siku mwenyewe kwa kalamu yake.

Tena kuna kipande kidogo ambacho naomba mkishike sana. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa kosa hilo. Ni Katiba, Kifungu cha 49(2). Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mfanya kazi anayedai mshahara wake kwa sauti kubwa mbele ya ofisi, shitaka analoandikiwa mara nyingi ni kuzua fujo, kwa kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni miezi sita. Basi kijana wa namna hiyo akiambiwa kortini arudi rumande kwa sababu hana mdhamini, na asimame aseme kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba Kifungu cha 49(2) kiangaliwe."

Je, polisi wakipitisha masaa 24, kesi inakufa? Hapo watu wamedanganyana sana, na chanzo chake nakijua. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu aliyekuwa amehukumiwa kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu, kwa kuwa alikaa mikononi mwa polisi miezi minane kabla ya kufikishwa kortini. Siku zile, kwa makosa ya kunyongwa, Katiba ya zamani iliruhusu siku 14, kwa mabadiliko ya mwaka 1988. Habari ile ilienea, na kila mahabusu akaanza kuhesabu siku. Lakini mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo iligeuza njia. Ilisema kuchelewa kama kule hakufuti kosa. Aliyecheleweshwa na adai fidia. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Usikae ndani ukifurahi kwamba wamechelewa. Andika saa uliyokamatwa, na saa uliyofikishwa, umwambie hakimu siku ile ile ili aandike. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako ukienda Mahakama Kuu kudai fidia.

Saa ya pili ni ya MIEZI 12. Watu huniuliza: kosa likikaa sana, laweza kushitakiwa? Kwa makosa makubwa, naam. Kuiba, kuumiza mtu, kughushi, kuua, hayana mwisho. Wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, una kifungo cha hadi miaka saba, na tajiri aweza kulalamika hata baada ya miaka. Lakini kwa makosa madogo upo ukuta. Kifungu cha 219 cha ile Sura ya 75 chasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ya juu haipiti kifungo cha miezi sita, au faini ya shilingi 1,000, au vyote viwili, halitahukumiwa na korti ya chini isipokuwa shitaka au malalamiko yameletwa katika miezi 12 tangu jambo lilipotokea, ila kama sheria nyingine imetoa muda mrefu zaidi.

Tazameni kile kipimo cha shilingi 1,000. Chaonyesha wazi kwamba kiliwekwa wakati shilingi elfu ilikuwa mali. Leo sheria nyingi mpya, zikiwamo zile za serikali za kaunti, zataja faini za maelfu mengi, na makosa hayo yameruka ukuta ule. Kwa hiyo mpakiaji wa mchanga aliyeshitakiwa kwa Sheria ya Mchanga ya Kaunti ya Makueni ya mwaka 2015 asitegemee miezi 12 kabla ya kutazama adhabu iliyoandikwa. Soma adhabu kwanza. Muda wafuata adhabu. Lakini yule wa kuzua fujo, ikiwa fujo zenyewe zasemekana zilitokea mwaka juzi na karatasi imeletwa leo, huyo ana neno la kumwambia hakimu kabla hata ya kujibu shitaka.

Sasa nimefika penye maumivu yetu khasa, yaani pale saa ya jinai inapogongana na saa ya kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yataja sababu ambazo mwajiri aweza kumfukuza mtu papo hapo. Moja yake ni hii: mfanya kazi amekamatwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo, na katika SIKU 14 hakuachiliwa kwa dhamana au kwa bondi, wala hakuachiliwa kwa njia nyingine ya halali. Ndugu zangu, soma maneno hayo mara mbili. Haikusemwa "amehukumiwa". Yasemwa amekamatwa na hakutoka. Maskini asiye na mdhamini aweza kupoteza kazi kwa sababu ya umaskini wake, na hakimu bado hajasikia hata shahidi mmoja. Kwa maoni yangu hicho ni kipande kigumu kuliko vyote vya sheria ile. Lakini ndiyo sheria, na sisi tuko chini yake mpaka ibadilishwe.

Basi ni kazi ya nani kuhakikisha siku 14 hazipiti? Si ya polisi, si ya tajiri. Ni yetu. Mwanachama akikamatwa, habari zifike kwa mwakilishi siku ile ile. Mtu mmoja aende kituoni akaulize namba ya kitabu cha matukio, kosa, na korti atakayopelekwa, kama ni Tawa au Wote. Mwingine atafute mdhamini. Nimeona matawi yanayochanga kwa ajili ya mazishi na yasichange kwa ajili ya dhamana. Mazishi ni heshima, sikatai. Lakini aliye rumande bado anakula, na watoto wake pia.

Hata siku 14 zikipita, au tajiri akitumia sababu nyingine ya kwamba anakushuku kumwibia, bado kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamfunga. Lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na akusikilize, ukiwa pamoja na mfanya kazi mwenzako au mwakilishi wa chama wa mahali pa kazi. Usiende peke yako katika mkutano huo.

Halafu kuna mtego mkubwa. Mtu amefukuzwa, na kesi ya jinai inaendelea. Anajiambia, "Acha nimalize hii ya jinai kwanza. Nikishinda, nitarudi kudai kazi yangu." Maneno hayo yana busara yakisikilizwa kijijini. Katika sheria yanaua. Kudai haki ya ajira kortini kuna MIAKA MITATU, na miaka hiyo yahesabiwa tangu siku uliyofukuzwa. Haihesabiwi tangu siku uliyoshinda kesi ya jinai. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la namna hii hii: wafanya kazi walifukuzwa, wakashitakiwa, wakangoja, wakaachiliwa na korti ya jinai, ndipo wakaenda kudai. Wakaambiwa mlango umefungwa. Walikuwa wameshinda kule, wakashindwa huku, kwa sababu ya kalenda tu.

Kama wataka kulalamika kwa Afisa wa Kazi, muda wake ni mfupi zaidi: MIEZI MITATU tangu kufukuzwa. Kwa hiyo kesi ya jinai na dai la kazi ziende pamoja, kila moja kwa njia yake. Tena mjue kwamba kushinda kesi ya jinai hakukurudishi kazini peke yake. Korti ya jinai yataka ushahidi usio na shaka. Mwajiri hupimwa kwa kipimo kingine, kama alikuwa na sababu ya haki na kama alifuata utaratibu.

Neno moja juu ya siku ya kusomewa shitaka, maana hapo wengi hujifunga wenyewe. Karani asoma, mtu anatishika, anasema "Kweli" ili mambo yaishe aende nyumbani. Neno hilo moja lamtia hatiani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wetu wangali wanaufuata: shitaka lielezwe kwa lugha ya mshitakiwa au lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyosema, akikubali, mwendesha mashitaka aeleze yaliyotokea, na mshitakiwa aulizwe kama ana la kukanusha au kuongeza. Akikanusha, iandikwe kwamba hakukubali. Kama Kiswahili cha korti chakupita kimo, sema wataka Kikamba. Mkalimani hulipwa na Serikali. Mzee mwenye mvi asione haya kusema hakuelewa. Haya ni afadhali kuliko jela.

Na ukihukumiwa, saa nyingine yaanza hapo hapo: SIKU 14 za kukata rufani kwenda Mahakama Kuu. Hizi si zile 14 za kazi, msizichanganye. Ukichelewa kwa sababu ya kweli waweza kuomba uruhusiwe, lakini kuomba si kupata.

Nilisema nitarudi kwenye njia ya pili, ya mtu mwenyewe kupeleka malalamiko. Tuseme msimamizi amempiga mfanya kazi. Jambo la kwanza ni kituoni, liandikwe, upewe namba. Kisha hospitali, na fomu ya P3 ijazwe na daktari maadamu majeraha yangali yaonekana. Polisi wakikaa kimya, nenda kwenye ofisi ya waendesha mashitaka, peleka barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Huko nako kukiwa kimya, hapo kifungu cha 88 chamruhusu hakimu kumpa mtu binafsi ruhusa ya kuendesha mashitaka. Korti hutaka kuona kwamba ulikwenda kwanza kwa wenye kazi hiyo wakakukataa bila sababu nzuri, na kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyeumizwa. Mkurugenzi wa Mashitaka aweza kuichukua kesi hiyo kwa ruhusa yako, na aweza pia kuomba isimamishwe. Njia hii ni ndefu na yahitaji wakili. Naitaja kwa sababu barua tu inayosema mfanya kazi anafikiria kifungu cha 88 huweza kuamsha ofisi iliyokuwa imelala.

Nimesema mengi. Mwenyekiti amenionyesha saa yake, basi na niache nafasi ya maswali.

MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: "Kesi yangu iliondolewa na mwendesha mashitaka kabla sijajitetea. Je, yaweza kurudi?"

Jibu: Yaweza. Kifungu cha 87 chasema kesi ikiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, waachiliwa, lakini hilo halizuii kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Ikiondolewa baada ya upande wa mashitaka kumaliza ushahidi wao, ni lazima utangazwe kuwa huna hatia. Tazama karatasi ya korti imeandika lipi. Tunza nakala, isilowe mvua.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu na jirani walipigana. Chifu amesema tulipe mbuzi yaishe. Ni halali?"

Jibu: Kupatana si kosa, na kifungu cha 176 chaipa korti uwezo wa kuhimiza mapatano katika mambo kama shambulio dogo na mengine ya watu binafsi, yasiyo makosa makubwa. Lakini kama kesi imekwisha fika kortini, mapatano yapelekwe huko yaandikwe. Mkilipa mbuzi huku na faili iko Tawa, mwanao ataitwa tena, na mbuzi hatarudi.

Kijana wa bodaboda aliuliza: "Nilishitakiwa bure, nikashinda. Naweza kumdai aliyenisingizia?"

Jibu: Waweza, ukionyesha kwamba ulishitakiwa kwa nia mbaya na bila sababu ya maana. Kushinda peke yake hakutoshi. Ukimdai mtu binafsi, una miaka mitatu. Ukiidai Serikali kwa ajili ya polisi, una miezi 12 tu, na yahesabiwa tangu kesi ilipokwisha kwa ushindi wako. Ulishinda lini?

Kijana alijibu kwamba ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka uliopita. Aliombwa abaki baada ya mkutano, na aje kesho yake na karatasi ya hukumu, ili ihesabiwe miezi mingapi imebaki.